Sababu ya Pili

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Kapi la juu lina roda mbili (magurudumu ya kupitishia kamba), la chini roda mbili, na mzigo wa nyutoni 800 unanyanyuliwa kwa kuvuta kamba kwa nguvu ya nyutoni 250. Tafuta ufanisi wa mtambo huo, yaani sehemu ya kazi ya mvutaji inayoufikia mzigo. Kisha, toa sababu mbili zinazoufanya usifike asilimia 100.

Hesabu haikunisumbua. Kapi la chini linabebwa na kamba nne, basi ukitaka mzigo upande mita moja, sharti uvute mita nne. Gawa 800 kwa 250, upate 3.2; gawa hiyo 3.2 kwa 4, upate asilimia 80. Sababu ya kwanza nikaandika msuguano, kama darasa zima. Ya pili ndiyo iliyokuwa haina mwenyewe. Nilipita kwa wenzangu pale mtaani Kibokoni, Mombasa, kila daftari nililofunuliwa lina mstari mtupu. Mmoja kaandika "joto", ambalo ni msuguano ule ule umebadilisha kanzu.

Tulikuwa kidato cha tatu, mwanzoni mwa miaka ya 90, na mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na sheria yake: swali la sababu mbili ukimletea moja, unapata sufuri. Sikuona haki katika jambo hilo, na hadi leo sioni.

Jumamosi asubuhi mama akanituma Bandari ya Kale nimpelekee mjomba chupa ya chai na mahamri. Maji yalikuwa yamekupwa, jahazi limelalia ubavu kidogo kwenye matope, na mabaharia wamesimamisha boriti tatu juu ya shimo la injini, vichwa vimefungwa pamoja. Injini ilikuwa imekufa na fundi alitaka aletewe nchi kavu. Kwenye boriti wametundika yale makapi ya kupandishia foromali, ule mti unaobeba tanga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tua hiyo chai, ndoo ushike kamba. Leo tu wachache."

Kabla injini haijafungwa, akaniambia nilipandishe kapi la chini kidogo, lisimgonge kichwa baharia aliyekuwa akizungusha minyororo kule chini. Nikavuta. Ndoana ilikuwa tupu, lakini kamba ilinijia na uzito mikononi. Lilikuwa kapi la kizamani, mbao ngumu iliyofungwa mikanda ya chuma, na ndoana yake nene kuliko kidole gumba changu. Nikalishusha, nikalivuta tena.

"Wacheza?" mjomba akauliza.

"Mbona ni zito na halina kitu?"

"Halina kitu! Hicho chuma na ubao wadhani vyapanda bure?"

Nilitamani daftari liwe pale pale. Kila mara mzigo unapopanda, kapi la chini nalo linapanda, na anayelipandisha ni wewe, ila hakuna anayelihesabu kuwa mzigo. Mjomba akapaka shahamu kwenye misumari ya roda, tukavuta injini watu watatu. Makapi yalilia hata hivyo. Injini ilipanda kwa uvivu wa kuudhi huku kamba ikirundikana miguuni mwetu, na hapo zile mita nne kwa moja zikaacha kuwa habari ya kitabuni.

Usiku nikakaa kuandika. Kama mtambo usingepoteza chochote, mzigo wa nyutoni 800 ungetaka nyutoni 200 tu. Tumetumia 250, basi 50 zimekwenda kwingine. Nikachukulia kapi la chini lina uzito wa nyutoni 40: kamba nne zikigawana, hizo ni nyutoni 10 za mvutaji. Zile 40 zilizobaki zimeliwa na msuguano. Nikaongeza kwamba mzigo ukizidi, ufanisi nao unapanda, kwa sababu uzito wa kapi haubadiliki. Nyutoni 10 hizo ni nyingi ukiinua mzigo mdogo, na si kitu ukiinua injini.

Mwalimu hakunisifu, hakuwa mtu wa hayo. Aliuliza nimeipata wapi, nikamwambia bandarini, akageukia ubao akachora mstari unaopanda upesi halafu unalala kabla ya kufika 100. "Mwenzenu ameshaueleza," akasema, kisha akagawa sufuri zake.

Nilipomwonyesha mjomba daftari, hakuwa na haja na alama. Alitaka kujua jambo moja: akiongeza roda ya tatu juu na ya tatu chini, watu wawili wataitoa injini? Nikampigia hesabu. Kamba sita, nguvu inapungua, lakini kapi linazidi uzito, roda zinazidi kusuguana, na kila mita ya kupanda inataka mita sita za kuvuta.

"Mita sita," akasema. "Na hiyo kamba atanunua nani, mwalimu wako?"