Programu tano nyuma ya mlango mmoja

Nina seva moja tu na humo ndani zinaishi programu tano, blogu, ya kurekodi mauzo, ya kutunza picha na nyingine mbili ndogo nilizoandika mwenyewe. Huwa naulizwa mbona sikodi seva tano, mi naona hakuna haja kabisa, hizi programu muda mwingi zimelala tu na RAM ya giga 4 inazitosha zote ukizipanga vizuri.

Kinachogomba kwanza ni poti, yaani namba za milango ya seva. Brauza ikifungua tovuti inagonga poti 80, au 443 kama ni https, na hizo haziwezi kushikwa na programu tano kwa pamoja. Kwa hiyo mbele unaweka proksi, yaani programu ya mlangoni inayopokea maombi na kuyagawa, mimi natumia Nginx ile aliyoitoa Igor Sysoev mwaka 2004, yenyewe ndo inashika 80 na 443 alafu programu zinakaa nyuma kila moja na poti yake, 3000, 3001, 3002 hivyo hivyo. Kila programu ina sabdomeni yake, jina dogo chini ya domeni yangu, na zote zinaelekea IP ileile, yaani anwani ya namba ya seva. Ombi likifika Nginx inasoma jina lililotajwa kwenye heda ya Host (heda ni maelezo mafupi yanayosafiri na ombi), huyu wa blogu, huyu wa picha, inampeleka kunakohusika basi.

Hiyo ni kazi ya nusu saa. Kilichonitoa jasho ni kwamba programu ya nyuma haimwoni mgeni, inaiona Nginx peke yake, yaani kila inachojua kuhusu mgeni ni cha kuambiwa, na usipoiambia inakisia vibaya.

Mfano mtu aliomba kubadili nywila, barua pepe ikamfikia vizuri tu ila linki ya ndani inaanza na 127.0.0.1:3000, na 127.0.0.1 ni anwani ya seva kujiita yenyewe, mtu wa nje haimfikishi. Kumbe Nginx usipoielekeza inapeleka Host ya anwani ya ndani badala ya domeni aliyoandika mgeni, na programu ikatengeneza linki kwa jina hilohilo. Nikarekebisha. Wiki hiyohiyo nikawasha https ya lazima kwenye programu ya mauzo, ukurasa ukagoma kufunguka, brauza inalalamika inazungushwa mno. Nilikaa na logi mpaka usiku nikaona 301, 301, 301 mstari baada ya mstari, yaani jibu la kumwelekeza mgeni kwenye anwani nyingine. Ilikua hivi, mgeni anakuja kwa https, Nginx inafungua usimbaji pale mlangoni na kupeleka ombi ndani kwa http ya kawaida, programu inaona http inasema rudi uje na https, anarudi, inamwambia tena vilevile. Dawa yake ni heda ya X-Forwarded-Proto, ambayo Nginx inaitumia kuiambia programu mgeni alikuja kwa http au https, na programu nayo uiambie iiamini.

Ila lililoniuma zaidi ni la X-Forwarded-For, heda ya kuiambia programu IP halisi ya mgeni, ambayo sikuwa nimeiweka. Nilikua nimeweka ulinzi, IP ikikosea nywila mara tano inafungiwa robo saa. Mtu mmoja akakosea mara tano, wakafungiwa watu wote! Kwa programu wote walikua ni 127.0.0.1, mtu mmoja.

Sasa hapa naomba tuelewane vizuri maana wengi wakishaweka hizo heda wanaona wamemaliza. Heda ni maandishi tu, mtu yeyote anaweza kuyaandika. Kama programu inaiamini X-Forwarded-For na poti 3000 iko wazi kwa dunia, mtu anaipita Nginx pembeni, anajiandikia IP anayotaka na ule ulinzi wako umekwisha. Kwa hiyo programu isikilize 127.0.0.1 peke yake. Na kama unatumia Docker (inayoendesha kila programu ndani ya kontena lake) usiitegemee ufw, ukuta wa kuzuia poti kwenye Linux, maana ukifungua poti kwa 3000:3000 Docker inaandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables, chombo cha Linux cha kuchuja mtandao, na ufw haizizuii, mimi ufw iliniandikia poti imefungwa, nikajaribu kutoka kompyuta nyingine ikafunguka. Andika 127.0.0.1:3000:3000 alafu ujaribu kutoka nje, usijaribu ukiwa ndani ya seva.

Mengine madogo: picha kubwa zikigoma na kosa la 413 ni kwa sababu Nginx kawaida inakubali mzigo wa megabaiti 1 tu, ongeza client_max_body_size. Na kabla ya kurelodi piga nginx -t, inayokagua kama mipangilio ina kosa, kila mara, kila mara.

Alafu kuna hili la mgeni anayekuja kwa IP tupu au kwa jina lisilojulikana. Nginx haimkatalii, inampeleka kwenye bloku (mipangilio ya tovuti moja) ya kwanza iliyosomwa, na kwangu kwa mpangilio wa alfabeti wa majina ya faili ya kwanza ilikua ya mauzo. Nimeweka faili linaloanza na 00, ndani yake kuna bloku moja ya default_server, yaani ya kupokea wasio na pa kwenda, inayorudisha 444, yaani Nginx inakata muunganisho bila kujibu neno. Kwenye 443 nimeongeza ssl_reject_handshake, inayokataa kabla cheti cha https hakijaonyeshwa, na sasa anayepapasa IP hapati hata jina la cheti.