Mpunga wa mabaka: jinsi nilivyotatua

Shamba letu la mpunga huku Nzega, Tabora, lilikuwa na mabaka: majaruba (vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ya kuzuia maji) ya juu mpunga wa njano, ya chini umenawiri kupita kiasi hadi unaanguka. Mbolea ilikuwa ileile kote.

Kabla ya kupeleka udongo maabara, niliugawa mteremko: juu, katikati na mbugani, yaani bondeni chini. Kila sehemu nilichimba kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, nikachanganya kwenye ndoo ya plastiki (ya bati huharibu kipimo cha zinki). Ila sehemu na sehemu usizichanganye. Wastani wake hauelezi jaruba lolote.

Hata mkononi tofauti ilionekana. Udongo wa juu, ukiulowesha na kuufinyanga, unamomonyoka. Wa mbugani unatoa utepe mrefu unaong'ang'ania vidole. Majibu yakaja vilevile: juu kichanga, mboji kidogo, fosforasi haba.

Sasa juu naweka samadi, na DAP, mbolea yenye fosforasi, wakati wa kupandikiza. Yurea naigawa mara tatu, maana mchanga hauishiki. Mbugani yurea nimepunguza na mpunga hauanguki tena. Katikati naenda kwa jicho tu, nikifuata rangi ya majani.