Moshi umehama, sawa, lakini...

Mwaka wa pili huu naendesha gari la umeme, na bado naambiwa, "Umehamisha moshi tu, sasa unatokea kwenye mtambo wa makaa ya mawe." Zamani nilikuwa nabisha. Siku hizi nakubali nusu. Betri yenyewe huzaliwa na deni: kuchimba madini yake ya lithiamu na kuiunda kiwandani hutoa hewa ukaa nyingi. Ila injini ya petroli hupoteza zaidi ya nusu ya nishati yake kama joto, mota ya gari la umeme hupoteza kidogo tu. Deni linalipika barabarani, upesi zaidi umeme ukitokana na maji, upepo au jua. Mimi sasa nachaji mchana, jua likiwaka. (Na vumbi la matairi yanayosagika barabarani? Hapo sina utetezi.)