Bodi ya zamani ya rali bado inashindana, ila ipime kwanza

Kamwene wadau. Rali ikikaribia hapa Iringa mjadala unakuwa uleule, vijiweni, gereji, kila mahali, kwamba kuna maana gani mtu kumwaga hela kwenye Subaru Impreza ya miaka ya 90 au Mitsubishi Evo 9 wakati wenye uwezo wanashusha R5, yale magari yaliyojengwa kwa ajili ya rali. Mimi msimamo wangu ni kwamba bodi ya zamani, yani gari la zamani na mabati yake, bado inashindana, na kwenye njia zetu hizi inashindana haswa, ila hela inatakiwa ianzie kwenye bodi na shokapu ndo ije injini, na huku kwetu wengi wanaanza na injini.

Angalia Kenya. Manvir Baryan alibeba ubingwa wa Afrika 2017, 2018 na 2019 na Skoda Fabia R5, hapo hakuna wa kubisha, ile gari ni ya mashindano toka kiwandani na uzito wake wa chini kabisa ni kilo 1230. Lakini Safari Rally ya 2018 ilichukuliwa na Carl Tundo na Evo 10, halafu 2019 Baldev Chager akaichukua na Evo 10 tena! Gari iliyotoka 2007, ambayo Mitsubishi wenyewe waliacha kuitengeneza 2016. Ndani ya msimu mzima wepesi wa R5 unalipa, sawa, ila kwenye njia inayovunja magari anayebaki mzima anakuwa na nafasi yake.

Wengine hutoa mfano wa Safari Classic, Björn Waldegård alivyoshinda 2011 na Porsche 911 akiwa na miaka 68. Namheshimu sana yule mzee, Mungu amrehemu, ila mfano huo hautusaidii maana pale wote wanakimbia na magari ya zamani.

Sasa kwanini nasema injini isubiri. R5 ina injini ya lita 1.6 yenye turbo na inavuta hewa kupitia tundu la milimita 32, lililowekwa na sheria kubana nguvu. Evo na Subaru za Group N, daraja la magari ya rali yanayotokana na gari za kawaida za barabarani, za enzi zile zilikuwa na lita 2.0, na tundu lao lilikuwa la milimita 32 hivohivo. Yani pumzi ni ileile. Kinachowatofautisha kiko chini, uzito, gia boksi, na urefu ambao shokapu inaweza kushuka na kupanda tairi ikabaki imegusa ardhi. Sa we unachukua mamilioni unaongeza presha ya turbo halafu shokapu zimechoka na bodi imelegea, hizo nguvu zinaenda wapi?

Bodi haizeeki kwa kuhesabu miaka. Bati zake zimeshikwa na vidoti vya kuchomelea, na kila gari likiruka na kutua bodi inajikunja kidogo, mara elfu na elfu, mpaka vidoti vinaanza kuachia na bati linapasuka, hasa pale juu shokapu inapofungwa. Ikishalegea inafanya kazi ya springi, unapiga alaimenti asubuhi, steji moja tu (kipande cha njia cha kushindania muda) ya barabara za magogo kule Sao Hill, zile zilizochimbwa mikondo na malori, ukirudi tairi za mbele kila moja inaangalia kwake, na dereva analalamikia tairi.

Kuna fundi mmoja mzee upande wa Ipogolo nilimwona akikagua bodi ya Impreza kwa vitu vya dukani tu. Kwanza akapiga jeki kona moja ya mbele mpaka tairi ikaachia ardhi, akaenda kufungua na kufunga mlango wa upande ule pole pole. Mlango ukigoma, au uwazi wa juu ukibana na wa chini ukapanuka, bodi imelegea, haina mjadala. Halafu akakwangua rangi kuzunguka kikombe cha shokapu, pale juu inapofungwa kwenye bodi, akapaka mafuta ya taa, akasubiri, akafuta pakawa pakavu kabisa, akapulizia unga wa chaki. Tukakaa. Baada ya muda kidogo kwenye ule weupe ukajitokeza mstari mwembamba wa unyevu, kama unywele, kuanzia kwenye tundu la bolti kwenda nje. Mafuta yalikuwa yamejificha ndani ya ufa ambao kwa macho hakuna aliyeuona. Akasema, "Hapa kijana ungeruka nao."

Ufa kama ule unatibika, unatoboa tundu dogo mwisho wake usiendelee, unachomea, unaongeza bati, halafu unapitisha welding kwenye maungio yote ya bodi. Ukifunga na roli keji, ile fremu ya mabomba ndani ya gari inayowalinda watu, iliyofika mpaka kwenye vikombe vya shokapu, bodi ya 1998 inakuwa ngumu kuliko ilivyotoka kiwandani. Ila keji iwe keji! Sheria za FIA, shirikisho la michezo ya magari duniani, zinataka upinde mkuu uwe bomba lisilo na mshono, 45 kwa 2.5 milimita au 50 kwa 2. Nimeshaona gari limefungwa bomba la maji, limepigwa rangi likapendeza, na msoma ramani anakaa humo ndani bila kujua. Inaniuma sana hii.

Kutu nayo ni kesi nyingine. Ikiwa imekula kizingiti cha chini ya mlango kutokea ndani, piga na bisibisi, ikizama achana na hiyo bodi, toa vifaa tafuta nyingine.

Kwa hiyo mwenye Impreza au Evo imelala uani, iwe Kihesa, Mafinga au Mbeya, usiwauzie watu wa skrapa kwanza. Piga jeki, funga mlango, paka mafuta ya taa. Ikipita hapo anza na shokapu nzuri, angalia tarehe kwenye siti na mikanda maana hivyo vinaisha muda hata kama havijaguswa, halafu ndo tuje tuongelee turbo.