Kutoka Salem hadi Fruitvale, nyuma ya mkulima Mkweka

Sisi tuliolelewa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, tuliujua Ukweka, dhehebu la Kikristo liitwalo pia Marafiki, kwa majina ya wamisionari waliopanda kilima chetu mwaka 1902. Wakweka wakulima, wale waliobaki kwao Marekani na majembe yao, hatukusimuliwa habari zao. Kwa hiyo nilipokwenda Iowa kumtembelea mpwa wangu, nilimwomba anifikishe Salem, kijiji kidogo cha Kaunti ya Henry, nikaione nyumba ya Henderson Lewelling, mkulima Mkweka wa karne ya kumi na tisa aliyewaficha watumwa watoro.

Barabara inapita katikati ya mahindi na soya mpaka macho yanachoka. Kijiji chenyewe kilianzishwa na Wakweka mwaka 1835, na Lewelling alihamia miaka miwili baadaye pamoja na mkewe Elizabeth. Alikuwa amezaliwa North Carolina mwaka 1809, mtoto wa tabibu aliyekuwa pia mtunza vitalu, na kazi ya miche aliirithi. Hapo Salem alifungua kitalu chake na kujenga nyumba ya mawe ambayo bado imesimama, sasa ikiwa makumbusho.

Nyumba ni nzito na haina madoido, kama nyumba zote za watu wetu wa imani. Kilichonipeleka kimo chini ya miguu: mlango mdogo uliokatwa sakafuni, na chini yake nafasi ya kujificha. Missouri, jimbo la watumwa, haiko mbali upande wa kusini, na waliotoroka huko walipitia Salem. Mpwa wangu, kijana mrefu, aliinama akachungulia ndani.

"Shangazi, mtu na mtoto wake wangeweza kukaa humu?"

"Walikaa," nilimjibu. Sikuwa na neno lingine.

Nilidhani kanisa lote lilikuwa nyuma ya watu kama Lewelling. Haikuwa hivyo. Wazee wengi wa Marafiki waliuchukia utumwa, lakini hawakutaka waumini wao wajiunge na vyama vya wapinga utumwa wala wavunje sheria. Mwaka 1843 Mkutano wa Mwaka wa Indiana, yaani uongozi wa Wakweka wa eneo lile, ambao Salem ilikuwa chini yake, ulipasuka, na Lewelling akawa upande wa waliojitenga. Mimi niliyekua nikiheshimu neno la wazee wa mkutano, jambo hilo lilinichoma. Watu waliokaa kimya pamoja kumngoja Mungu hawakuweza kukubaliana kuhusu mama aliyebisha hodi usiku.

Mwaka 1848 watu tisa walitoroka kutoka shamba la Ruel Daggs huko Missouri, na wawindaji wao wakazuiwa na Wakweka wa Salem. Shauri lilianza kusikilizwa ndani ya nyumba hii hii, iliyokuwa wakati huo ofisi ya mwamuzi wa amani, yaani hakimu wa kesi ndogo za mtaani. Baadhi ya wale tisa walikamatwa tena, wengine wakaponea. Mwaka 1850 mahakama iliyokaa Burlington iliwatoza waliowasaidia dola 2,900. Lewelling mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameondoka Aprili 1847 na jambo ambalo majirani waliliona wazimu.

Alitengeneza masanduku yaliyojaa gari zima la kukokotwa na maksai, akayajaza udongo uliochanganywa na mkaa, akapanda humo miche ipatayo 700 iliyokwisha kubebeshwa, yaani kuunganishwa na vikonyo vya miti bora: matofaa, peasi, plamu, cheri, mizabibu. Kisha akamchukua Elizabeth, aliyekuwa mjamzito, na watoto wanane, wakashika njia ya Oregon. Miche ilinyweshwa maji kila siku, hata kwenye nyika ambako watu wenyewe walikuwa na kiu. Wasafiri wenzake walimsihi alitupe gari lile kabla halijawaua ng'ombe. Alikataa. Ikabidi familia isafiri peke yake kwa mwendo wa taratibu. Pale The Dalles miche iling'olewa, ikafungwa, ikateremshwa kwa mashua kwenye Mto Columbia. Ilipofika Milwaukie, karibu na Portland, Novemba ile, kama nusu yake ilikuwa hai. Mtoto wa tisa alizaliwa muda mfupi baadaye, akapewa jina Oregon Columbia.

Njia ile ya miezi saba mimi niliipita kwa ndege, na nilipotazama chini nikaona jinsi ardhi inavyokauka na kukunjamana baada ya tambarare, nilianza kumfikiria Elizabeth kuliko mumewe. Alifariki mwaka 1851, kabla hajazeeka. Vitabu vinahesabu miche, yeye vinamtaja kwa mstari mmoja.

Milwaukie leo ni mji tulivu kando ya Mto Willamette. Hapa ndipo kilipoanzia kilimo cha matunda cha Oregon. Dhahabu ilipopatikana California, matofaa yalipelekwa San Francisco yakauzwa kwa bei za ajabu, na Lewelling na mshirika wake William Meek wakatajirika. Lakini nilitembea kando ya mto nikiwa na jambo linalonisumbua. Mwaka 1844, miaka mitatu kabla ya gari lile la miche kufika, serikali ya muda ya Oregon ilikuwa imetunga sheria ya kuwazuia Weusi kuishi huko. Nyingine ilitungwa 1849, na katiba ya 1857 ikaweka katazo hilo tena; halikufutwa mpaka 1926. Mtu aliyewaficha watoro chini ya sakafu yake alikwenda kustawi mahali ambapo wao wasingeruhusiwa kuweka makazi. Miche ilikaribishwa, watu wakakataliwa.

Nduguye Seth, aliyebaki Milwaukie, ndiye aliyepata aina ya cheri inayoliwa leo duniani kote, mwaka 1875, akaiita Bing kwa heshima ya msimamizi wake Mchina, Ah Bing. Inasimuliwa kwamba Bing alikwenda kwao kuwatembelea jamaa, akazuiwa kurudi kwa sababu ya sheria ya 1882 dhidi ya Wachina. Cheri niliyoinunua barabarani ilikuwa tamu kweli, na niliila nikiwa na hasira.

Lewelling alihamia California miaka ya 1850 akapanda bustani kubwa ng'ambo ya San Francisco, akaliita eneo hilo Fruit Vale. Nilifika kwa treni. Kituo kinaitwa Fruitvale hadi leo, ndani ya Oakland. Bustani imemezwa na lami. Kihispania ndicho kinachosikika, na akina mama wanauza maembe yaliyokatwa na kunyunyiziwa pilipili na ndimu, kama yetu ya Mombasa.

Mwaka 1859 aliuza mali yake akanunua meli, akaondoka na kundi la watu kwenda Honduras kuunda jamii ya maelewano, ambamo watu wangeishi pamoja kwa upatano. Lewelling alimwacha nyuma mke aliyemwoa baada ya Elizabeth. Mpango ukaanguka, akarudi akiwa hana kitu. Sehemu hii siwezi kumtetea: uthabiti uleule uliookoa miche uliwaumiza watu wa nyumbani mwake. Alifariki San Jose mwezi Desemba 1878, akiwa na miaka 69, akichoma vichaka ili kusafisha shamba la kupanda miti ya matunda upya.