Ninavyochagua ubao wa kaiti usio na mikanda

Kaiti ni tiara kubwa linalomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao majini. Kwenye ubao usio na mikanda hakuna kinachoshika mguu. Majini unautuliza kwa uzito wako na kwa nta au pedi, yaani zulia laini linalobandikwa juu ya ubao. Hewani ni upepo unaousukumia kwenye nyayo. Kwa hiyo hata nusu inchi ya upana unaisikia mguuni. Urefu ndio unaotajwa kwanza, lakini mimi huuweka nyuma. Swali langu la kwanza ni hili: siku nyingi ninazoingia majini, kuna nini pale? Mawimbi yaliyosimama, viwimbi vya ovyo vya upepo, au maji bapa? Nachagua kwa ajili ya siku hizo, hata kama naota mawimbi makubwa.

Kinachofuata ni mpindo, yaani jinsi tumbo la ubao linavyopinda kutoka puani hadi mkiani. Naulaza ubao sakafuni, nachuchumaa na kuutazama ubavuni. Ulionyooka hupanda juu ya maji mapema, hutunza kasi na hubisha vizuri, yaani huelekea upepo unakotoka, hata kaiti ikiwa na nguvu ndogo. Shida yake ni wimbi la mteremko mkali: ukishuka nao, pua inachimba. Na kwenye viwimbi, ukienda kasi, unakugonga magoti mpaka yachoke. Uliopinda sana hushuka wimbi salama na hukata kona fupi, ila husukuma maji mbele yake, hivyo unadai upepo zaidi au wimbi lenye nguvu. Theluthi ya nyuma naikagua kuliko pua, kwa sababu mguu wa nyuma ndio unaoendesha kona.

Kwa mpenda mawimbi wa kilo 75 hivi, naangalia futi 5 inchi 4 hadi futi 5 inchi 10, upana wa inchi 18 hadi 18.5, mkia uliobanwa, na kingo, yaani pembe za ubavuni, nyembamba nyuma. Mkia mwembamba huzama na kushika ukuta wa wimbi hata kwa kasi. Mpana huinuka na kuteleza pale pale unapotaka ushike. Wepesi wa kupindukia hausaidii hapa. Ubao wenye uzito kidogo hutulia kwenye maji yaliyovurugika, mwepesi sana hurukaruka.

Anayetaka kuruka na kuzungusha ubao anahitaji umbo jingine kabisa: futi 4 inchi 11 hadi futi 5 inchi 3, pua pana na butu, mpindo mdogo, uzito mdogo. Sababu iko kwenye mruko wenyewe. Unapoondoka majini unakunja magoti na kuelekeza tumbo la ubao upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, ili upepo ulipige na kuubana ubao kwenye nyayo. Ukiuacha umelala bapa, upepo unapita juu na chini yake, nao unadondoka. Pua pana na fupi hupokea upepo karibu na mguu wa mbele. Pua ndefu ina uzito mbali na mguu, ikianza kuinama huwezi kuirudisha kwa wakati. Ubao mfupi pia huzunguka haraka chini ya miguu. Bei yake utailipa kwenye wimbi kubwa, ambako huteleza na kuyumba.

Upepo hafifu unataka upana kuliko urefu: inchi 19 na zaidi, mpindo mdogo. Upana huo huo, ila wenye mpindo wa wastani, ndilo ninalompa anayeanza, maana kubadilisha miguu ni rahisi zaidi ubao usipoyumba.

Ujazo wa lita huwatisha watu bure. Kaiti inakuvuta, kwa hiyo huhitaji ubao wa kukuelesha kama yule anayepiga makasia kwa mikono. Lita 20 hadi 28 zinamtosha mtu mzima wa kawaida. Ujazo mwingi husaidia kuondoka upepo ukiwa mdogo, lakini upepo ukipanda ukingo unakataa kuzama, na bila ukingo kuzama huwezi kuizuia kaiti isikuburute kuelekea demani, yaani upepo unakoelekea.

Kabla ya kuuhukumu ubao kuwa mgumu kugeuka, badilisha mapezi, yale mabawa madogo yaliyo chini ya mkia. Matatu huruhusu kona fupi, kwani ubao hujizungusha kwenye lile la kati. Ukiweka la kati dogo zaidi, mkia unalegea zaidi. Manne hutoa kasi na hushika vizuri unapobisha, ila kona zake ni ndefu. Mapezi madogo kupita kiasi utayajua: unakandamiza kisigino kubisha, mkia unafyatuka.

Sehemu inayokufa kwanza ni pale visigino vinapotua. Mbao nyingi za aina hii zina povu jepesi la EPS (aina ya polistirini) ndani, limefunikwa faibaglasi na epoksi, yaani gundi inayokauka na kuwa ngumu. Ubao wa kuruka nataka uwe na safu ya ziada ya mianzi, kaboni au PVC upande wa juu, na pedi kuanzia mkiani hadi chini ya mguu wa mbele. Nta hushika vizuri pia, lakini haipunguzi kishindo cha kutua.

Ukinunua uliotumika, toa muda pale visigino vinapotua. Bonyeza kwa dole gumba: ikibonyea na kurudi, ngozi imeachana na povu. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia mkiani kwenda puani. Panapotoa sauti ya kufifia pana tatizo. Tazama nyufa kuzunguka soketi za mapezi, kisha shika kila pezi ulitikise. Upime uzito pia: wa ukubwa huu huwa kati ya kilo 2.5 na 3.5, na ukizidi sana huenda umekunywa maji.

Ufa mdogo unazibika. Kwanza acha maji yatoke na ubao ukauke kabisa, halafu ziba kwa epoksi pekee. Resini ya poliesta, gundi nyingine ya kutengenezea mbao, ina kemikali ya staireni, nayo huyeyusha povu la EPS, ukabaki na shimo chini ya kiraka kinachoonekana kizima.