Guruguru wa konde la bibi

Nimekaa Texas miaka kumi na mmoja. Siku ya tatu tangu nirudi Unguja nilikwenda Donge kuangalia konde la bibi, nikakuta shimo.

Shimo lenyewe tipa inaingia, inageuza, inapakia na kutoka. Ule mchanga mweupe tuliopandia muhogo umechotwa mpaka udongo mgumu ukatokeza, na maji ya masika yametuama chini, ya kijani. Mkanju mmoja umebaki ukingoni, nusu ya mizizi inaning'inia.

Mliokulia makonde yale mnamjua guruguru, yule mjusi mkubwa anayechimba mashimo. Jua likishapanda utamkuta kajilaza mlangoni pa shimo lake, magamba yamepangana mistari kama makuti ya paa. Akila wadudu, akila na maembe yaliyoanguka, na bibi hakuruhusu apigwe mawe. Mfaransa Duméril alipomwandika kitaalamu mwaka 1851, guruguru wake alitoka Zanzibar. Yaani dunia ilimjua kupitia kwetu! Nimezunguka ukingo ule asubuhi nzima, sikuona hata tundu lake moja.

"Hao wamekwenda na mchanga, mwanangu," ami akaniambia.

Yalinichoma, kwa sababu huko nilikokuwa kazi yangu ilikuwa kubeba mchanga. Magharibi ya Texas wanachimba matuta, mchanga unaoshwa, unakaushwa, kisha unasukumwa na maji ndani ya visima vya mafuta ili nyufa za mwamba zisijifunge. Kwenye matuta hayo, na upande wa New Mexico, yupo mjusi mdogo wa rangi ya mchanga asiyepatikana pengine popote duniani. Hataki jangwa tupu. Anataka vibonde vilivyochimbwa na upepo, katikati ya mialoni mifupi ya kichaka, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayoshika tuta. Kichaka kikifyekwa, tuta linatawanyika. Barabara ikipita katikati, mijusi wa huku hawafiki kule. Alianza kutajwa kuwa wa kuangaliwa mwaka 1982. Serikali ya Marekani ikamtangaza kuwa hatarini kutoweka Mei 2024. Miaka 42, na malori, langu likiwemo, yanapita.

Guruguru wetu hajafika huko. Ameenea nchi nyingi za Afrika, na wataalamu hawamhesabu hatarini. Lakini wa Donge atahamia wapi? Anahitaji ardhi ya kuchimbika, mizizi ya kuzuia paa la shimo lisimwangukie, unyevu kwa ajili ya mayai, na jua na kivuli karibukaribu, aote akipoa, ajifiche akipata joto. Shimo la tipa halina hata kimoja.

Nyinyi mnaotuma pesa za ujenzi, ulizeni mchanga unatoka konde la nani. Msiridhike na picha za ukuta uliokwishapigwa plasta. Mimi niliridhika. Nilipomuuliza ami nani aliruhusu konde lichimbwe, alinyamaza kwanza.

"Wewe ulisema nyumba iishe kabla ya Ramadhani. Mchanga tungeutoa wapi?"

Ukuta wa uwani nimeusimamisha. Tipa mbili za mchanga zilizokuwa zimemwagwa mlangoni nimezirudisha Donge, tumefukia mizizi ya ule mkanju, na vichaka vya ukingoni nimekataza visifyekwe.